Kasha Zito Chumbani kwa Shangazi

Shangazi yangu wa Kalundu, kando ya ziwa, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Asubuhi moja alinipigia simu, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Mumewe, mfanyabiashara wa ziwani, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa damu, na chini ya kitanda chake aliacha kasha la metali, dogo kama tofali lakini zito ajabu, lenye picha ya fuvu la kichwa juu yake.

"Iko uranium mule," alisema. "Ndiyo ilimuua. Weye si uko unafanya kazi ya vitu hivyo?"

Ndiyo kazi yangu. Nipo katika servisi, yaani idara, inayopima mionzi kwenye mizigo, hasa mifuko ya mawe ya madini na vyuma chakavu. Makasha ya namna ile nilikuwa nimeshayaona. Mtu huuziwa kasha kwa bei kubwa, akaambiwa lina uranium na kwamba mnunuzi tajiri yuko njiani. Mnunuzi haji. Lakini kwa kuwa yule alikuwa shangazi yangu, sikutaka kukisia. Nilimwomba mkuu wangu ruhusa, nikaenda na mwenzangu mmoja na vipimo viwili.

Tulianza kupima uani, mbali na kasha, na kipimo cha nyutroni kikahesabu moja, kikanyamaza, kikahesabu nyingine.

"Mbona kinahesabu na huku hakuna kitu?" Shangazi aliuliza.

"Nyutroni chache hutoka juu, shangazi, siku zote, kwa watu wote. Lazima tujue za kawaida ni ngapi kabla ya kuingia."

Alitazama mbingu, akauvuta mtandio wake vizuri kichwani.

Chumbani, kipimo cha kwanza, kile cha mionzi ya gama, kilitulia kabisa kando ya kasha. Sikuridhika, maana kasha lenyewe lilikuwa la risasi, ile metali laini ya kijivu, nayo humeza gama. Nyutroni haizuiliwi na risasi. Hupita tu. Kinachoipunguza mwendo ni maji au plastiki, na kwa sababu hiyo kipimo chetu cha pili, kile cha nyutroni, kimevishwa plastiki nene nyeupe, ili zipungue mwendo kiweze kuzihesabu. Tulikiweka karibu na kasha tukasubiri, maana nyutroni huja kwa kubahatisha, na mwenye haraka hudanganyika.

Shangazi alibaki mlangoni. Hakuwa amekanyaga mule tangu matanga.

"Walipomwambia damu yake imeharibika, alisema ni kile kitu," alianza kusimulia, sauti yake chini. "Akajitenga humu. Sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake. Nikitaka kumshika mkono, anauficha ndani ya blanketi. 'Minye nimekwisha kuungua ndani,' anasema, 'nisikuunguze na weye.' Mpaka alipokata roho, sikumshika."

Mwenzangu aliinamisha kichwa. Mimi niliendelea kutazama namba, kwa kuwa sikujua nitazame wapi.

Hesabu ilikuwa sawa na ya uani. Tulihamisha kipimo upande wa pili, tukarudia. Sawa tena. Hata hivyo sikuthubutu kuapa: uranium ya kawaida hutoa nyutroni chache mno, na ndani ya risasi inaweza kujificha. Tulilipeleka kasha kituoni kwetu, likafunguliwa kwa tahadhari zote. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma cha gari kilichofungwa kitambaa chenye grisi. Tulikipima kikiwa wazi, kwa vipimo vyote viwili. Hakikuwa na mionzi yoyote.

Nilirudi kwa Shangazi nikitembea upesi, nikidhani atafurahi. Nilipomweleza, alikaa chini pale kizingitini.

"Basi hangeniunguza."

"Hapana, shangazi."

"Na ugonjwa ulitoka wapi?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba haukutoka kwenye kasha."

"Alikufa akidhani ametuletea kifo nyumbani." Alilia kama ambavyo sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi. Nilikaa kando yake, nikamkumbatia.

Ijumaa iliyofuata aliniomba nimsindikize makaburini. Alisimama upande wa miguuni pa kaburi, akaongea kama mtu anayeongea na mumewe mezani.

"Baba watoto, kilikuwa chuma. Chuma cha gari tu. Walikudanganya, na weye ukatuhurumia kupita kiasi. Ungeniuliza, ningekwambia: heri tuungue wawili."

Kisha akamsomea dua, ndefu, bila haraka.

Tuliporudi nyumbani alifungua dirisha la kile chumba kwa mikono yake. Tulitoa godoro juani, tukalipiga mpaka vumbi likaisha. Wajukuu wake walisimama mlangoni wakitazama, kwa kuwa walikuwa wamekatazwa kuingia muda mrefu. Mkubwa wao aliuliza kama sasa wanaweza kulala mule, maana katika chumba chao wanabanana.

"Laleni," Shangazi alisema. "Lakini mufagie kwanza, na huyu mdogo atalala na minye."