Mashine Iliyojifunza Mbalamwezi

Zuleha ni fundi wa mtandao katika kampuni yetu ya kununua na kuuza dagaa pale Kibirizi, kando ya ziwa. Mimi, Scola, nipo mauzo, meza ya pili kutoka kwake, karibu kiasi cha kusikia anavyozibembeleza mashine zake. Mume wake, nina hakika, habembelezwi hivyo.

Baada ya wezi wa mtandaoni kutuvuruga, alimng'ang'ania meneja wetu, Mzee Leonardi, mpaka akanunua kifaa cha kulinda mtandao. Kifaa hicho huachwa kwanza kitazame kompyuta zetu zinaongea na nani na kwa wingi gani, kisha kinayahifadhi mazoea hayo kwenye faili. Baada ya hapo, kompyuta ikitoka nje ya mazoea, kinaifungia. Mzee alitoa hela huku akisonya, akaweka na sharti mbele yetu sote: kikimfungia mtu asiye na kosa, kinang'olewa, na Zuleha anarudi mapokezi. Zuleha alicheka. Mimi nilimwogopea, maana mapokezi ndiko alikotoka, na alisoma jioni miaka mingi ili atoke.

Akakiacha kijifunze wiki nzima. Faili lilipokamilika akatugawia kashata, utadhani amejifungua.

Tatizo ni wiki aliyoichagua. Ilikuwa mbalamwezi! Mtu yeyote wa ziwa hili anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, boti zinalala ufukweni, wavuvi wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Ofisini tulikuwa tunapiga miayo. Kifaa kikatuandika hivyo hivyo, kwamba sisi ni watu wa kupiga miayo.

Giza liliporudi, boti ziliingia asubuhi zimejaa, hata za Kagunga. Kompyuta yangu ikaanza kuwatumia bei wanunuzi wote kwa mpigo, Mwandiga mpaka ng'ambo ya ziwa. Kifaa kikashtuka, kikadhani ni kirusi kinasambaa, kikanifungia. Dagaa wako mchangani, jua linapanda, wanunuzi kimya.

"Yebaba we! King'oe!" Mzee Leonardi alipiga kelele.

"Subiri kidogo, mzee, nakushika miguu."

Shangazi yake Zuleha, Bi Fatu, anayetuletea dagaa, alikuwa ameegemea dirisha. "Zuleha, we mtoto wa Ujiji au uliokotwa Dodoma? Unaifundisha mashine kazi wakati wa mbalamwezi?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Zuleha machozi yalimlenga, lakini vidole havikusimama. Aliliweka kando faili lile, akakiacha kifaa kitazame tu bila kufunga. Dagaa wakauzwa, wengine kwa bei ya kutupa. Giza lilipoisha alikuwa na faili la pili. Tangu hapo anayo mawili, Giza na Mbalamwezi, na huyabadilisha kwa kutazama angani.

Mzee alimsamehe mara hiyo moja, lakini hakuridhika. "Liache la Giza siku zote. Halisumbui mtu."

"Hilo limezoea vurugu, mzee. Mwizi akija wakati wa mbalamwezi, litamdhania mteja."

"Haya. Lakini sharti langu liko pale pale."

Mchana mmoja wa mbalamwezi, kompyuta moja ilianza kugonga milango ya mamia ya kompyuta duniani. Kifaa kikaifungia. Ilikuwa ya Mzee Leonardi, naye akatoka ametuna. "Si nilisema? Nimekosa nini mimi?"

Zuleha akaingia ofisini kwa mzee kuangalia. Nikamfuata, ningekosaje? Kwenye skrini kulikuwa na tamthilia ya mapenzi ya Kituruki, sehemu zote, mzee alikuwa akizichota vipande vipande kutoka kompyuta za watu asiowajua.

Mzee akashusha sauti. "Binti yangu, hilo faili huwezi kulifuta?"

"Naweza. Ila nikilifuta, nimekubali kwamba limemfungia mtu asiye na kosa. Itabidi nirudi mapokezi." Akainamisha kichwa kwa adabu zote za Ujiji. "Na kule, mzee, wakubwa wakipiga simu kuuliza meneja anafanya nini, mimi kudanganya siwezi."

Mzee Leonardi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaitazama ile skrini.

"Mapokezi," akasema, "tutatafuta mtu mwingine."