Hamira na Vidonge vya Boga

Shemeji yangu ni mwokaji mikate, na mtaa mzima unamwita Hamira. Dada yangu alimpendea mkate wake, hilo halina siri. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuununua, mpaka siku moja akaanza kwenda mwenyewe, tena kajipaka mafuta.

Mwaka jana daktari akamwambia dada kuwa ngano ndiyo inayomchoma tumbo, asiiguse tena. Dunia ina mzaha: mume mwenyewe ndiye huyu anayerudi kazini na unga hadi kwenye nyusi. Tangu hapo Hamira hupitia mlango wa uani kama mwizi, akaoga kwanza ndipo amsalimie mkewe. Dada akawa anajipikia wali wake, anakula peke yake.

Hamira hakulalamika, ila siku moja aliniambia, "Shemeji, nalisha watu wote hawa, na mke wangu hali hata tonge la mkono wangu."



Ndipo mteja wake mmoja akamweleza habari za nyoki, vidonge laini wanavyopika Waitaliano, kwamba vyaweza kutengenezwa kwa boga na unga wa mchele bila chembe ya ngano. Jumapili akaingia jikoni na sufuria mpya, ubao mpya na shati jipya, utadhani anakwenda kuposa upya.

Boga alilipika kwa mvuke, akaliponda, akaliacha lipoe. Mpaka hapo sina neno. Alipotia unga wa mchele akaanza kukanda. Mazoea yana taabu jamani! Alilipiga donge ubaoni, akalikunja, akalikanda tena, akingoja livutike kama la mkate. Mchele hauvutiki. Likazidi kunata, naye akazidi kuongeza unga. Vidonge vilipoiva vilikuwa vigumu hata nikamshauri akazibie ufa wa ukuta. Hakucheka. Aliitazama mikono yake kwa chuki.

Dada, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaingia akamshika viganja. Akamwambia aache kupigana na boga, achanganye tu kwa uma, basi.

Vya pili vilitoka vibaya vya sura, kimoja kinene, kingine kama kidole cha mtoto. Lakini vilipoelea juu ya maji tukaviopoa, tukavitia siagi na chumvi, dada akala. Hamira hakuonja hata kimoja. Alikaa akimtazama mkewe, roho mkononi, akingoja maumivu.

Alasiri ikapita, jua likazama, tumbo kimya. Mimi nikafunua sufuria nimalizie vilivyobaki, dada akanipiga kofi la mkononi.

"Hivyo vyangu," akasema. "Nilikuwa nimeukumbuka mkono wa mume wangu."

Hamira akageukia ukutani, akasema moshi umemwingia machoni. Jiko lao ni la umeme.