Bac Yetu Ilivyopakwa Rangi kwa Ajili ya Komiseri

Ninyi vijana mna raha. Deputé, mbunge wenu, anawatumia sauti kwenye simu kuwaeleza mambo ya nchi, na kabla hajamaliza salamu mmeshamtukana, mmecheka, mmepita kwa mwingine. Sisi wa enzi ya Zaïre tulipokuwa wadogo hapa Kindu hatukuwa na bahati hiyo. Deputé wetu, ambaye wakati ule aliitwa komiseri wa watu, alikuja mwenyewe na mwili wake wote, na kabla hajafungua kinywa tulikuwa tumeshamchezea ngoma toka asubuhi mpaka miguu ikavimba. Wenzangu wa rika langu wanajua nasema nini.

Tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, tukiitazama Kasuku, upande wa mji wenyewe, kama mtu anavyotazama sahani ya jirani. Kule njo kulikuwa soko kubwa, maofisi, gare ya treni na hospitali. Kwetu kulikuwa mchele, mawese, na bac. Bac ilikuwa kivuko kikubwa cha chuma, kilivusha watu, malori na mbuzi, mpaka injini yake ilipokufa ikabaki imefungwa kwa minyororo ukingoni. Kwa sisi watoto haikuwa msiba hata kidogo. Tulicheza nzango juu yake, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha mguu. Chuma kilikuwa kimechomwa na jua, na miguu yetu ilikuwa mitupu, njo sababu wasichana wa Alunguli tuliruka juu kuliko wote. Tulikula karanga za kuchemsha na kutupa maganda majini. Tukirudi nyumbani, mama alitunusa nywele na kusema, "Munanuka mazutu ya injini kama mamekanisie," akatusukuma kwenye maji.

Kwa mama mwenyewe ilikuwa msiba. Alikuwa na mimba, na uzazi uliotangulia ulikuwa karibu kumuua. Mkunga wa hospitali alimwambia wazi, "Mama Zaina, mara ingine usizalie nyumbani. Utakuja hapa kwa munganga." Zaina njo mimi. Munganga, yaani daktari, alikuwa Kasuku, na katikati yetu kulikuwa mto ambao wakati wa mvua unapanuka, unabeba magogo na kupindua mitumbwi. Baba alifanya kazi gare, alivuka kwa mtumbwi kila siku, na kila jioni mama alimuuliza bac itapona lini. Jibu la baba lilikuwa lile lile, "Komiseri atakuja. Tutamwambia."

Kweli, habari ikafika kwamba komiseri anakuja kutueleza siasa ya taifa. Shefu wa kartye, mtaa wetu, mtu mwembamba mwenye sauti nene, aliyeogopa aibu kuliko nyoka, akaitisha salongo siku hiyo hiyo. Salongo, kwa ninyi msiojua, ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi, ya kulima barabara bila malipo huku tunaimba kwamba tunaipenda. Mara hii haikuwa barabara. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," shefu alisema. "Komiseri hawezi kukuta bac yetu iko na kutu."

Basi tuliisugua kwa mchanga na kuipaka rangi ya kijani. Sijui rangi ilitoka wapi, maana maduka yalikuwa yamenyang'anywa wageni na kupewa wananchi wakubwa, na ndani mulibaki makabati na buibui. Chumvi hakuna, sabuni hakuna, rangi iko. Hata injini iliyokufa ilipakwa. Wanaume walifunga makuti pande zote, na mtu angesema inakwenda kuoa.

Mama alikaa kwenye jiwe, tumbo mbele, akituangalia. "Mficha uchi hazai," alisema.

"Mama Zaina, usituletee siasa," shefu alimjibu, yeye ambaye toka asubuhi alikuwa hafanyi kitu kingine.

Komiseri alivuka kwa mashua ya injini ya serikali. Alivaa abacost, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, akapanda juu ya bac yetu na kuifanya jukwaa. Tulicheza. Tuliimba. Halafu alianza kutueleza. Alisema tai njo kamba ya mkoloni, na kwa kweli shingo yake isingeingia tai yoyote. Alisema tuache majina ya wazungu. Jirani yetu Alphonse alikuwa ameshachukua jina la babu yake, ila mkewe bado alimwita Alphonse akikasirika. Sisi Waislamu tulitazamana, kwa sababu majina yetu hayakutoka Ulaya, lakini nani angeuliza? Alisema maduka sasa ni ya wananchi. Alisema kilimo njo jambo la kwanza kabla ya yote, na kucha zake ziling'aa kama za bibi harusi. Watu waliotoka shambani alfajiri walimpigia makofi.

Mwishoni akaushika ukuta wa bac, akasema, "Naona bac yenu iko muzuri sana. Hii njo maendeleo." Mkono ulirudi na kijani, akaupangusa kwa leso bila kuangalia.

Hapo mama akasimama. Nilikuwa mstari wa mbele na pagne yangu, kitenge cha kucheza. "Citoyen komiseri, pole na safari," mama alisema, akimwita mwananchi kama ilivyotakiwa wakati ule. "Bac iko muzuri, lakini haitembei. Injini ilikufa. Niko na mimba, na hospitali iko kule."

Shefu alitazama majini. Komiseri alicheka kidogo, akainua kipaza sauti na kutuuliza sisi wote, "Wananchi, bac inatembea ao haitembei?"

Ninyi hamjui tulivyofundishwa. Toka darasa la kwanza, kila asubuhi mbele ya bendera, mkubwa anauliza na wote mnajibu kwa sauti moja, na jibu njo lile linalompendeza. Kinywa kilizoea kutangulia kichwa. "Inatembea!" Umati mzima ulijibu. Baba alikuwa pale na wenzake wa gare. Niliona kinywa chake kikifunguka pamoja na vingine, halafu nikaona macho yake yakimkwepa mama.

Mama akakaa chini.

Wiki chache baadaye redio ilitangaza kutoka Kinshasa kwamba bac ya Alunguli inatembea na wananchi wanashukuru. Injini mpya iliyokuwa imepangwa kuletwa kwetu ikapelekwa kwingine, kwa watu ambao hawakupaka rangi.

Mvua zilipokuja, mama alishikwa na uchungu asubuhi moja, mto umejaa. Baba alikamata kasia la nyuma la mtumbwi. La mbele alilikamata shefu, alikuja mbio bila kuitwa. Mimi nilishika kichwa cha mama. Tulipofika katikati maji yalitusukuma kufuata mkondo, mbali na Kasuku, na mtoto akaja pale pale, miguu mbele, mwanaume. Mama alipona. Ndugu yangu hakulia. Shefu alivua shati lake akamfunika mpaka uso, halafu akarudi kwenye kasia, kwa maana mto haukungojea mtu.

Mnatucheka nikiwasimulia haya. Mnasema ninyi mngekataa, mngepiga kelele, mngemfukuza yule komiseri. Labda. Leo mnaweza kumwambia deputé neno lolote, na hilo nawaonea wivu kweli. Ila akishuka kwenye ndege, nawaona na pikipiki zenu mnamsindikiza kwa honi, mnapigania tishati zenye uso wake, na kesho yake mnamtukana huku mmezivaa. Sisi tulisema uongo wote pamoja, na ulipotuangukia tuliubeba wote pamoja.

Juzi mwanamke mmoja alianguka pale kwenye bandari ya Kasuku, uchungu umemkamata. Vijana walimzunguka haraka, nikashukuru Mungu. Kumbe walikuwa wanatoa simu. Mmoja akamwambia mwenzake asogee, anaziba mwanga. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikamshika mkono yule dada, na nikatamani shefu wetu angekuwepo, mwongo yule, kifua wazi kwenye mvua, anapiga kasia na kulia.