Rozari ya Vizibo Kumi

Kwa Vestine Mukeshimana, pale mtaani Kagugu, hata kuku walikuwa na taa yao. Ilikuwa taa ndogo kama punje ya mchele, ya zile ziitwazo ledi, aliyoichomoa katika tochi iliyokufa na kuifunga kwa waya kwenye mawe mawili ya betri za redio. Majirani walisema kuku wa Mama Kaze, ndivyo walivyomwita, wanadurusu, mwaka huu lazima wafaulu mtihani. Naye alicheka pamoja nao.

Kazi yake hasa ilikuwa kutunga rozari. Tangu usichana wake kule Buyenzi, Bujumbura, alikokulia na kuolewa, mikono yake ilizijua shanga: kumi, nafasi, moja, nafasi, kumi tena. Jumapili aliziuza mlangoni pa kanisa. Lakini alasiri, uzi wa mwisho ukishakatwa na mvua ikianza kupiga bati, alitoa kopo lake la waya akakaa dirishani. Hapo alikuwa kama mtu anayeota macho wazi. Mguu mrefu wa taa aliugusisha kwenye kichwa cha jiwe la juu, mguu mfupi kwenye kitako cha jiwe la chini, na mwanga ukaja. Akiigeuza, giza. Hakuna aliyemfundisha, na shule yenyewe aliishia darasa la sita. Kila mwanga ulipokuja alinong'ona, "Asante, Bwana," kana kwamba amepokea kitu mkononi.

Mumewe, Jean-Berchmans, alikuwa mwashi enzi za nguvu zake. Miaka ishirini, kila Oktoba, majirani walikuja kusali rozari sebuleni kwake, yeye akiongoza, mbele ya sanamu ya Mama Maria iliyotoka nao Bujumbura ikiwa imeviringishwa katika shuka. Kisha sukari ikamwingia. Haikumuumiza vidole, ilivinyamazisha tu. Alishika shanga asijue kama ameshika shanga au hewa. Macho nayo yakafifia, yakabaki na mwanga na vivuli.

Septemba, katika sala ya jioni na majirani, alipotea. Fungu moja alilisali Salamu Maria kumi na nne badala ya kumi, lililofuata nane. Mtu akakohoa. Mwingine, nyuma kule, akashindwa kuzuia kicheko. Vestine akanyoosha mkono amguse bega kila shanga ipitapo.

"Acha, Mama Kaze," mumewe akasema. "Mimi si mtoto wa kuhesabiwa."

Jumatatu akampigia simu rafiki yake Ntakirutimana. "Jumamosi njoo uichukue sanamu. Oktoba hii watu wasali kwako."

"Kuna nini, mzee?"

"Nimechoka."

Vestine angeivumilia sebule tupu. Lililomkata moyo ni kwamba tangu siku ile mumewe hakusali tena, hata peke yake. Rozari ilining'inia msumarini, naye akawa anakaa kitini akiwa ameigeuzia mgongo. Sanamu ikiondoka, Vestine aliona, mdomo ule utafungwa moja kwa moja.

Jumanne, akiwa anatunga, wazo likamjia polepole kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Vidole havisikii. Lakini macho bado yanaudaka mwanga.

Akaenda kwa Habumugisha, fundi redio wa pale kona.

"Nipe taa kumi, fundi. Nyekundu."

"Kumi! Kuku wamezaa tena?" Habumugisha akacheka mpaka akaweka pasi ya kulehemu chini. "Au sasa unataka kumulika mbinguni, mama?"

"Mbinguni wana zao. Mimi namulika mezani pangu."

Fundi akamchotea konzi ya taa kutoka kibao cha taa cha kinyozi kilichoharibika. Akamwongezea na kidude kidogo chenye mistari ya rangi. "Hiki kinapunguza nguvu, taa zisiungue. Usikisahau."

Jioni ile Vestine akazipanga juu ya ubao, akazifunga kama alivyofunga kila kitu maishani mwake: moja baada ya nyingine, mguu wa hii katika mguu wa ile, zote kumi katika uzi mmoja. Akaunga mawe matatu ya tochi. Hakuna. Akageuza mawe. Hakuna. Jumatano akafungua zote akafunga upya, kwa subira, akisema sala katikati ya kila fundo. Hazikukonyeza hata mara moja. Akajaribu moja peke yake, ikawaka vizuri. Akairudisha katika uzi na wenzake, ikafa.

"Labda hutaki, Bwana," akasema, akafunika ubao kwa kitenge.

Alhamisi, saa moja ya jioni, nyumba nzima ikazimika ghafla. Yuniti za umeme zilikuwa zimekwisha. Vestine akatoka mlangoni akiwa na simu ya kununulia nyingine, lakini akasimama pale, asibonyeze.

Mbele yake, ng'ambo ya bonde, kilima cha Kinyinya kilikuwa kimewaka chote. Mvua ilikuwa imeosha hewa. Taa zilishuka kutoka kileleni, zikapinda barabarani, zikapanda tena kwenye majengo mapya, kama rozari ya mtu mkubwa sana aliyelala akaiacha mkononi. Akaziangalia kwa muda mrefu, hata akasahau baridi. Na hapo karibu, kwa jirani, televisheni ilikuwa inaendelea kusema.

Inaendelea kusema. Mbona?

Kama Kagugu ingekuwa shanga katika uzi mmoja, giza la kwake lingezima mtaa mzima. Lakini kila nyumba ina waya wake kutoka kwenye nguzo. Hakuna anayengoja jirani ale kwanza ndipo apewe makombo. Na taa zake kumi zilikuwa zimekaa foleni, zikigawana nguvu ya mawe matatu, kila moja ikipata tone lisilotosha.

Akacheka peke yake gizani.

"Unacheka nini wewe, na umeme umekwisha?" Jean-Berchmans akauliza kutoka ndani.

"Umekwisha kwetu tu, Baba Kaze! Kwetu tu!"

"Yewe," mzee akaguna. "Mke wangu naye ameanza."

Ijumaa akaufungua uzi. Vizibo kumi vya soda akavisugua kwa msasa na kuvipigilia kwenye ubao, juu ya kila kimoja taa yake, mguu mrefu ukishuka kwenye kizibo chake. Miguu mifupi yote akaikusanya katika waya mmoja unaorudi kwenye mawe. Upande wa pili wa mawe akafunga kile kidude cha mistari, kisha waya mrefu, na mwisho wa waya, kijiko.

Jumamosi baada ya chai akauweka ubao mapajani mwa mumewe.

"Michezo yako hiyo nipishe, mama."

"Shika kijiko tu. Kwa ngumi, kama unavyokula wali."

Akashika. Vestine akamsogezea mkono hadi kijiko kikagusa kizibo cha mwanzo. Mzee akavuta pumzi.

"Hiyo nini? Nyekundu hiyo?"

"Ya kwanza," Vestine akasema, akauachia mkono.

Kijiko kikainuka, kikatangatanga hewani, kikashuka mahali pengine. Taa ikahama. Jean-Berchmans akauinamia mwanga ule mdogo kama mtu anayeota moto. Kisha akakirudisha kijiko mwanzo. Akakohoa, akasafisha koo.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Vestine akaitikia. Taa ya pili. Ya tatu. Hawakusikia lango likifunguliwa. Walipofika taa ya sita, mzee akamaliza nusu yake ya sala, na kabla Vestine hajafungua mdomo, itikio likaja kutoka mlangoni, zito, la kiume: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Ntakirutimana. Endelea, mzee. Uko ya sita."

"Najua," akasema Jean-Berchmans. "Naiona."

Ntakirutimana alikuwa na shuka begani, la kufungia sanamu. Akaitazama sanamu, akautazama ubao na vizibo vyake. Akalitandika shuka sakafuni polepole, akapiga magoti juu yake.

"Basi mimi nilikuja kusali tu," akasema.

Kijiko kikahamia kizibo cha saba.