Mshale Uliosema Nusu

Juzi nilipanda ngazi za ghorofa letu la zamani kule Umbilo, ugenini kwa Wazulu, ndugu yangu, na ile harufu ya sombe ya mama, majani ya muhogo ya kutwanga, iliyokuwa ikinipokea mlangoni haikuwepo. Uani, mahali baba alipoegesha pikipiki yake, sasa kuna mapipa ya taka. Nikasimama pale, na woga wa mwaka 2008 ukanipanda tena kama nilipokuwa msichana wa darasa la nne.

Ule ndio mwaka wageni walipokuwa wakipigwa na kufukuzwa. Baba, mtu wa Bukavu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi kule Jacobs. Pikipiki yake ilikuwa kuukuu, yenye geji ndogo ya mafuta ya mviringo juu ya tangi. Awali hakuitegemea geji hiyo sana, maana alijaza mafuta mara kwa mara. Lakini mwaka ule alianza kuogopa kusimama kwenye vituo vya mafuta. Watu walikuwa wengi pale, na Kizulu chake kilikuwa cha kuokoteza. Akawa anangoja mpaka mshale ushuke.

Jumamosi moja mama alishinda saluni akisuka, kwa hiyo nilikwenda na baba kazini. Siku hiyo tulitoka mchana. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, pikipiki ikakohoa, ikazima. Mshale ulionyesha nusu tangi. Baba akaipiga teke kuiwasha, wapi. Ng'ambo ya barabara wanaume walikuwa wamekaa mbele ya gereji iliyofungwa, na mmoja akainuka.

Baba akaniinamia. "Mimi sisemi kitu," akaninong'oneza. "Mutu akiuliza, jibu weye. Kizulu tu."

Yule mwanamume alikuja taratibu, akashika usukani. Akamwuliza baba tunatoka wapi. Baba akajishika shavu. Nikasema, kwa Kizulu cha shuleni, kwamba baba anaumwa jino, mdomo haufunguki, na mafuta yametuishia. Akautazama mshale, akanitazama mimi.

"Mafuta yapo nusu," akasema. "Mbona unanidanganya?"

Kisha akaonyesha kiwiko chake, akamtaka baba akitaje kwa Kizulu. Sote tulilijua swali lile. Ndilo walilowapimia wageni.

"Indololwane," nikasema.

"Nimemwuliza yeye."

Baba akazidi kujishika shavu. Wenzake yule bwana walikuwa wameanza kuinuka. Hapo yule bwana akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akaitikisa pikipiki. Ndani hapakusikika hata tone. Mwishowe akawageukia wenzake, akawaambia kwa sauti kwamba pikipiki ya huyu mgonjwa imekufa, akaanza kuisukuma. Tukamfuata mpaka kituo cha mafuta, baba akalipa bila kufungua mdomo. Tulipokuwa tunapanda, yule bwana akaniinamia.

"Mwambie baba yako jino lipone kabla ya kurudi kazini Jumatatu, wengine hawataliamini," akasema. "Na hii geji aitengeneze. Nisingekuwepo mimi, eish."

Kesho yake, baada ya ibada, baba alivua suti, akaiinamia pikipiki uani. Niliwekwa kutazama geji. Alipochomoa waya unaotoka kwenye tangi, mshale ulianguka sifuri. Alipougusisha kwenye chuma cha pikipiki, ukaruka mpaka kujaa. Akanieleza kwamba geji ni nzima, ugonjwa uko ndani ya tangi. Akalichomoa boya, lile dude linaloelea juu ya petroli. Mkono wa boya ulikuwa umeganda katikati kwa kutu. Akausugua kwa msasa mpaka ukapanda na kushuka kwa ulaini. Kazi ilikuwa ndogo, lakini bisibisi ilimponyoka mara kwa mara. Mama alitazama kutoka dirishani. Juma halikuisha, pikipiki ikauzwa.

Tangu hapo baba hakuongea nami Kiswahili nje ya mlango wetu. Tulitembea njia nzima mpaka mtaa wa Overport kama mabubu, yeye mbele, mimi nyuma. Majirani wa lugha yetu walihama mmoja mmoja, na ua ule uliojaa salamu ukanyamaza. Sasa baba hayupo duniani. Nikipita barabarani nawasikia vijana wetu wakipiga simu, wanaongea Kiswahili kwa sauti, wanacheka. Nafurahi, ndugu yangu, lakini kabla ya kufurahi nageuka kwanza kutazama nani amesikia.