Mama Alipokuja Kula Kwangu Kinyinya

Mama alikubali nihame Kanombe kwa sharti ambalo kwa mtu mwingine lingeonekana dogo. Alisema, "Nenda. Ukishatulia nitakuja nile kwako, halafu tutaongea." Binti mwingine angesikia neno "nenda" akaanza kufunga mizigo. Mimi nilisikia "halafu tutaongea," nikalala nalo wiki nzima.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi ya kupokea mizigo kwenye ghala moja kule Masoro, na nilitaka kupanga nyumba ndogo Kinyinya pamoja na rafiki yangu wa chuo, msichana wa kutoka Bukavu. Mama hakuona maana yake. "Masoro ni hapo tu," alisema. "Ukipanda pikipiki hapa mlangoni unafika chai yako haijapoa." Ni kweli. Sababu yangu haikuwa umbali. Nyumbani nikikohoa usiku, mtu anauliza kutoka chumba cha pili kama nimekunywa maji, nami nilitaka kujua kama naweza kukohoa peke yangu. Hilo huwezi kumweleza mama yako. Nikamwambia nataka kujitegemea.

"Kujitegemea tulifundishwa shuleni Karagwe," alisema. Mama alikulia Tanzania, kama wengi wa umri wake pale mtaani kwetu. "Tulilimishwa mahindi."

Basi ikawa hivyo. Nikiweza kumlisha mgeni mezani kwangu, nakaa Kinyinya. Nikishindwa, chumba changu Kanombe kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa, jambo ambalo Mama alilitaja kila alipopiga simu, kana kwamba anasoma hali ya hewa.

Alipotaja Jumapili atakayokuja, aliongeza kwamba Baba atakuwa zamu uwanja wa ndege, hivyo ataandamana na shangazi. Hapo nikakaa chini. Kwetu shangazi, dada yake baba, ndiye anayepelekewa mambo ya binti kabla baba hajayasikia. Mama peke yake angeweza kunionea huruma. Mama na shangazi pamoja ni baraza.

Nikaanza kufikiria chakula. Pilau niliiondoa mapema, kwa sababu ni Mama aliyenifundisha na angeilinganisha na yake. Kwa chipsi na kuku wangesema naishi baa. Nyama ya mbuzi ilikuwa na tatizo la shangazi: wanawake wa zamani hawakula mbuzi, walisema anayemla anaota ndevu. Shangazi mwenyewe hucheka akisimulia hayo, lakini sijawahi kumwona akimgusa mbuzi. Samaki ana miiba. Kichwani mwangu nilishamwona Mama amekabwa na mwiba, tumempakia kwenye teksi, daktari anauliza nani alipika.

"Weye," rafiki yangu aliniambia, "unawaza mupaka vitu vinaozea sokoni."

Mwisho tukakubaliana agatogo, yaani ndizi zinazopikwa sufuria moja na nyama, nyanya na vitunguu, pamoja na majani ya mhogo ambayo nyumbani kwetu tunayaita kisamvu na yeye anayaita sombe. Tukagombana juu ya sombe. Yeye alitaka mawese. Mimi nilitaka karanga, kama Mama. Alisema sombe bila mawese ni majani ya mbuzi. Nilisema mawese yatamkumbusha Mama kwamba siishi nyumbani. "Na kwani unaishi nyumbani?" akauliza, akamimina. Nami nikatia karanga. Ilitoka na rangi ambayo hatukuitarajia, lakini harufu yake ilipita ukutani mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna sherehe.

Jumapili hiyo mafundi wa nyumba inayojengwa mbele yetu walikuwa wamepumzika, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nilisikia sufuria yangu ikichemka. Nilionja. Nikaonja tena. Kufikia saa ambayo misa ya Kanombe hutoka, ulimi wangu haukujua tena chumvi ni kitu gani, ikabidi rafiki yangu aninyang'anye mwiko.

Kisha tukasikia hodi.

Mama yangu hapigi hodi. Kanombe huingia chumbani mwangu akiwa tayari katikati ya sentensi. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya misa, kitenge kimenyooshwa, akingoja nimkaribishe. Nyuma yake shangazi alikuwa akijipangusa vumbi jekundu miguuni. Mama alinipa mfuko kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na sukari, sabuni na maziwa. Nikasema asante, huku nikijiuliza kama sukari maana yake anadhani hatuna sukari, na sabuni maana yake nini hasa.

Walikaa. Waliuliza habari za kazi, za majirani, za maji kama yanatoka. Mama hakuinuka kutazama jikoni. Hakufungua pazia la chumba changu. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama watu wanavyoketi wakienda kuposa. Kila alipokuwa mpole zaidi, ndivyo nilivyozidi kuamini ameshaamua.

Nikaleta chakula. Nikaweka agatogo mezani, nikaweka sombe, nikaleta maji ya kunawa, nikasema, "Karibuni chakula."

Mama akatabasamu. "Asante mwanangu. Tumeshiba."

"Kweli kabisa," shangazi akasema. "Tulikula kabla ya kutoka."

"Haya," nikasema. Nikabeba sufuria zote mbili, nikazirudisha jikoni.

Rafiki yangu alikuwa anakata parachichi. Alizitazama sufuria, akanitazama mimi. "Sasa njo unarudisha?" akauliza, kwa ile "njo" ya kwao ambayo ni "ndio" yetu.

"Wameshiba."

"Nani amesema?"

"Wenyewe."

"Bote babiri?"

"Wote wawili. Walikula kabla ya kutoka." Nikaziweka sufuria juu ya meza ya jikoni, nikazifunika. "Ameamua kabla ya kuja. Hataki hata kuonja. Huyu mama anakula ukoko wa sufuria akiwa amesimama, hajawahi kukataa chakula nilichopika, hata ugali wangu wa kwanza uliotoka maji maji. Leo amekataa."

"Kwetu mutu akikataa, unamupatia tu," alisema. "Atakataa na mudomo imejaa."

Sikumsikia. Nilikuwa tayari nahesabu ni nani wa kumwachia nusu yangu ya nyumba, na kama godoro linaweza kubebwa na pikipiki kutoka Kinyinya hadi Kanombe bila kufagia barabara.

Halafu shangazi akaingia jikoni, akasema anaomba maji ya kunywa. Akakuta chakula kimefunikwa mezani na mimi nimesimama kando yake kama mlinzi wa benki. Akafunua sufuria moja, akainusa, akaifunika polepole sana.

"Sha," aliniambia kwa sauti ya chini, jinsi tunavyomwita mdogo au rafiki, "wewe mama yako alikufundisha nini?"

"Kivipi, shangazi?"

"Mgeni akisema ameshiba, unamwacha?"

"Alisema ameshiba."

"Hata mimi nimesema. Ulitaka niseme nina njaa? Mimi mtu mzima, kwenye nyumba ya watu?" Akavuta kiti, akakaa. "Unasisitiza. Anakataa, unasisitiza, anakataa, unasema basi onjeni kidogo. Ndivyo inavyokwenda. Wewe umesema 'haya.' Nimekaa pale nasikia harufu inaondoka."

Rafiki yangu aliendelea kukata parachichi akinipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Lakini si mmekula kweli?" nikauliza.

"Viazi. Tumetoka misa, mama yako akanisimamisha jikoni kwake akanilisha viazi vya baridi. Nikamwambia, wifi, tunaenda kula kwa mtoto, hivi viazi vya nini? Akaniambia hatuendi kwa watu na njaa." Shangazi akanitazama kuona kama nimeelewa. "Kwa watu. Ndivyo alivyosema."

Nilielewa taratibu, kama mtu anayewashiwa taa chumba baada ya chumba. Nilipokuwa mdogo, kabla hatujaingia nyumba yoyote, Mama alitusimamisha nje akatukumbusha: ukiulizwa, sema umeshiba. Bibi alimfundisha hivyo hivyo kule Karagwe, kwa sababu waliokimbia nchi na ng'ombe wachache walishikilia adabu kuliko ng'ombe. Tulikula nyumbani kwanza, kisha tukaenda kutembea. Nilijua kanuni hiyo yote, lakini kwa upande mmoja tu, upande wa mtoto anayekataa huku akimeza mate. Sikuwahi kusimama upande wa mwenye nyumba. Hakuna aliyenifundisha kwamba mwenye nyumba ana maneno yake.

Ile hodi, ule mfuko kwa mikono miwili, kule kukaa ukingoni mwa kiti: Mama hakuwa amekuja kunikagua kama mtoto wake. Alikuwa amekuja kunitembelea, na kabla ya kutoka akala viazi vya baridi ili asiniaibishe kwa njaa yake.

Nikazibeba tena sufuria.

"Mama, karibu chakula."

"Tumeshiba, mwanangu, usijisumbue."

Hapa ndipo palikuwa pagumu. Sikuwahi maishani mwangu kumwambia Mama jambo mara mbili. Yeye ndiye husema mara mbili, na ile ya pili huwa na jina langu lote.

"Mama, huwezi kutoka kwangu hivi hivi," nikasema. "Onja hata kidogo. Ukiondoka hujala nitawaambia nini majirani?"

Akaniangalia. Kitu fulani kilipita usoni mwake, nikafikiri labda nimezidisha, labda la majirani halikuhitajika. Kisha akaweka mkoba chini.

"Basi kidogo," akasema. "Kidogo tu."

Shangazi alikuwa ameshanawa.

Walikula. Mama alianza na ndizi mbili, akaongezwa akakataa, nikasisitiza, akapokea. Kufikia sahani ya pili nilikuwa nimeshika mwendo wake na nilianza kufurahia. Ni mchezo wa watu wawili, kama kuruka kamba, unahitaji tu kujua ni lini uingie. Rafiki yangu akaleta parachichi na akasimulia jinsi nilivyoogopa miiba ya samaki ambaye hatukumnunua. Shangazi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na hiki kisamvu," Mama akasema, "nani katia mawese?"

"Mimi, Mama," rafiki yangu akasema.

"Na karanga?"

"Mimi," nikasema.

Mama akatafuna. "Hamjui kuelewana," akasema, akasogeza sahani yake karibu na sufuria. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kama angeendelea na ule upole wa mgeni ningekufa.

Jioni tuliwasindikiza, maana mgeni haagwi mlangoni. Shangazi na rafiki yangu walitangulia wakibishana kuhusu mawese. Mama na mimi tulishuka nyuma yao polepole kwa sababu ya viatu vyake, tukipita matofali yaliyopangwa na mchanga uliofunikwa turubai. Nilingoja yale maneno ya "halafu tutaongea." Kila hatua nilidhani ataanza, nami nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali ambayo hata hayapo.

Tulipofika barabarani akasimama, akatazama upande basi linakotokea.

"Kile chumba," akasema, "nafikiri nitaweka cherehani yangu mle. Mwanga wake mzuri."

"Chumba changu?"

"Kwani umelala mle lini?"

Nikasema ni wazo zuri. Basi lilipokuja, shangazi alipanda kwanza akamshikia Mama nafasi. Mama akanipa mkono, tena ule wa kuagana na watu wazima, halafu akaghairi akanivuta, akaniambia sikioni nifunike vizuri nyama iliyobaki, na Jumapili ijayo mimi na rafiki yangu twende Kanombe tuwatembelee.

Tulirudi tukipanda mlima. Nilifurahi sana, na nusu ya njia nilikuwa nimeshaanza kuumia kidogo kwa ajili ya kitanda changu, kwamba wakikitoa watakipeleka wapi, na kama kweli ilibidi iwe upesi namna hiyo.

"Mama amesema nini?" rafiki yangu akauliza.

"Anaweka cherehani chumbani kwangu."

"Basi leo vyombo ni vyako," akasema. "Mwenye nyumba njo anaosha."