Jina la Felisita Kwenye Hati

Asubuhi moja Felisita alikuwa akimlisha mumewe uji alipoona watu wawili wakivuta futi kamba kando ya ukuta wa nyumba yao, hapa Bariadi mjini. Akatoka na bakuli mkononi, akawasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mnapima nini?"

"Mwangaluka, mama. Katutuma Kasmiri. Amesema anauza kiwanja kwa niaba ya ndugu yake."

Kasmiri ni kaka wa mumewe. Felisita alirudi ndani, akatia komeo mlangoni, akakaa kitandani.

Mumewe, Joakim, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka ishirini. Miezi minne nyuma alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukapooza, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Hati ya nyumba ilikuwa na jina lake peke yake, ingawa vyumba viwili vya nyuma vilijengwa kwa mpunga aliolima Felisita.

Alichokiogopa alikuwa amekwisha kukiona kwa macho. Mdogo wa mwisho wa Joakim na Kasmiri alipofariki kule Lalago, mjane wake Jenifer alitolewa na ndugu za mumewe ndani ya nyumba hata kabla tanga halijaanuliwa. Aliondoka na godoro na watoto watatu. Felisita alikuwepo, akipika chakula cha msiba, na hakuthubutu kusema neno.

Aliwahi kumwomba Joakim amwongeze kwenye hati, zamani, akiwa mzima. Alijibiwa, "Una haraka ya nini? Unangoja nife?" Hakurudia tena. Sasa alirudia. Joakim akageukia ukutani.

Siku ya nne, baada ya kunawishwa uso, Joakim akasema, "Twende."

Wakili waliyemwendea alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Faudhia. Alipokea hati, cheti cha ndoa na vitambulisho vyao, akamtazama mgonjwa, kisha akamgeukia Felisita.

"Mama, naomba utupishe. Lazima nimsikie mwenyewe. Nikiona haelewi anachofanya, au analazimishwa, sitasaini."

Felisita alikaa kwenye benchi nje, macho kwenye mlango uliofungwa. Hofu yake moja ilikuwa kwamba Joakim angeshindwa kusema. Nyingine, ambayo asingemwambia mtu, ni kwamba Joakim angeweza kusema, na akakataa.

Simu ikaita. Kasmiri.

"Shemeji, nipo kwenu na mnunuzi. Ndugu yangu umempeleka wapi?"

"Kliniki," alidanganya.

"Kliniki gani? Nakuja."

Alikata simu, kisha akaizima. Kila pikipiki iliyopita barabarani aliidhania ni yeye. Ndani hakukusikika kitu. Alijaribu kusali, Salamu Maria ikamkatikia katikati.

Mlango ulipofunguliwa, Faudhia alikuwa amevua miwani.

"Nilimuuliza nani awe mmiliki pamoja naye. Amehangaika sana, mama. Mwisho akasema 'nkima wane'. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, jibu likawa lile lile. Mke wangu."

Joakim alikuwa ameinamisha kichwa, dole gumba la kushoto limejaa wino. Felisita alilifuta kwa kitenge chake.

Maombi yalipelekwa ofisi ya ardhi siku hiyo hiyo. Yakafuata majuma saba ya kuishi mlango umefungwa mchana kutwa. Kasmiri alikuja mara mbili, akagonga, akatukana, akaondoka.

Hati ilipotoka na majina mawili, Felisita alimwita Kasmiri mwenyewe, akamwekea nakala mezani. Shemeji alisoma polepole, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Kwa hiyo bila wewe hakiuzwi."

"Hakiuzwi, shemeji."

Aliinuka bila kugusa maji aliyokaribishwa. Hajarudi mpaka leo.

Joakim sasa anatembea kwa fimbo hadi uani. Felisita bado, mtu akibisha hodi, huchungulia dirishani kwanza.